Maji ya Bomba Yananyweka? Ushauri kwa Wakazi wa Miji Midogo

Swali ni lile lile, litoke Kibaigwa, Usa River, Makambako au Katoro: maji ya bomba yananyweka hivi hivi, au lazima yachemshwe? Anayeuliza hutaka jibu la neno moja, na jibu la neno moja halipo. Bomba la mji mdogo linaweza kuleta maji safi Jumatatu na maji yenye vijidudu Alhamisi, nyumba ile ile, bili ile ile. Tena kuna maji ambayo hata ukiyachemsha kutwa nzima hayawi salama, kwa kuwa shida yake si vijidudu.

Kwa hiyo makala haya yanaanzia kwenye kuijua shida ya maji yako. Watu wengi wanahangaika na shida wasiyo nayo, wanaiacha ile waliyo nayo.

Kwa mwenye haraka: kama hujui dawa ya klorini imefika kwenye bomba lako kwa kiasi gani, usinywe maji hayo kabla ya kuyachemsha au kuyatia dawa. Na kama unaishi kuzunguka Mlima Meru, au mikoa ya Manyara, Singida na Shinyanga, ulizia kwanza habari ya floraidi. Sehemu yake iko hapo chini.

Tenganisha shida mbili

Yanayoharibu maji ya kunywa yako makundi mawili, na kila kundi lina dawa yake.

- Vijidudu. Hutoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama. Huleta kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu. Huua haraka, hasa watoto. Kuchemsha kunavimaliza, na klorini inaviua karibu vyote.
- Madini na kemikali zilizoyeyuka. Floraidi, naitreti, chumvi. Hudhuru taratibu, kwa miaka. Kuchemsha hakuyaondoi. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani madini yanabaki yale yale, hivyo yanazidi kukolea.

Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yamekwisha. Jirani akikuambia "sisi tunachemsha, hatuna wasiwasi," muulize wasiwasi upi.

Rangi na harufu vinakwambia nini

Macho na pua vinasaidia, ila havitoshi. Soma hivi:

- Maji meupe kama maziwa yanayotulia. Jaza glasi uiache mezani. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni hewa iliyobanwa kwenye bomba. Haina madhara.
- Wekundu au rangi ya kutu. Mara nyingi ni chuma, ama cha kisima ama cha mabomba ya zamani. Yanachafua nguo nyeupe na kuharibu ladha. Yakija ghafla baada ya matengenezo, yaache yatiririke mpaka yatakate.
- Chembe nyeusi. Huweza kuwa madini ya manganizi au utando uliobanduka ndani ya bomba. Zikiendelea kwa siku kadhaa, toa taarifa.
- Tope baada ya mvua. Hii ichukulie kwa uzito. Tope hubeba vijidudu, na pia hula klorini, ikabaki kidogo ya kuua vijidudu hivyo.
- Harufu ya dawa. Watu huilalamikia hii kuliko zote, na ndiyo inayopaswa kukutia moyo. Ni dalili kwamba klorini imefika kwako.
- Harufu ya choo au ya yai viza. Usinywe, usioshee mboga, usipigie mswaki. Piga simu ofisi ya maji siku hiyo hiyo.

"Lakini maji yetu yanang'aa, hayana harufu." Ndiyo, na kipindupindu hakina rangi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na vijidudu vyake havionekani kwa macho kwenye kikombe.

Mgao ndio unaochafua maji

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo miji midogo inapoumia. Maji yanaweza kutoka kwenye tangi la mamlaka yakiwa safi kabisa, yakafika kwako yamechafuka, na chanzo kikawa ni mgao.

Bomba likijaa maji yenye msukumo, penye tundu maji hutoka nje. Mgao ukifika, msukumo unaisha na bomba linabaki tupu. Sasa penye tundu lile lile uchafu wa nje unaingia ndani: maji ya mtaro, ya shimo la choo lililo jirani, ya dimbwi walilolala mbwa. Maji yakirudi usiku wa manane, mkupuo wa kwanza unasomba vyote hivyo na kuvileta kwenye ndoo yako. Wewe umeamka saa nane kuwahi kujaza, umeshukuru Mungu, umejaza kila chombo kwa maji machafu kuliko yote ya wiki hiyo.

Fanya hivi kila maji yanaporudi:

1. Fungua bomba lililo karibu zaidi na mita. Acha yatiririke mpaka yatakate, kisha yaongezee dakika chache.
2. Maji hayo ya kwanza yakinge pembeni. Ni ya chooni, ya kudeki au ya kumwagilia miti. Hayapotei.
3. Jaza vyombo vya kuogea na kufulia.
4. Maji ya kunywa na kupikia kinga mwisho.
5. Kama maji yanaingia moja kwa moja kwenye tangi lako, weka koki kwenye bomba la kuingilia, uifunge kunapokuwa na mgao. Uifungue ukishamwaga ya kwanza.

Makosa matatu yanayowaponza watu hapa:

- Kufunga pampu kwenye bomba la mtaa. Pampu inavuta maji kwa nguvu, na kila tundu lililo njiani linageuka mdomo wa kunyonyea uchafu. Unajidhuru wewe na mtaa mzima, na pia ni kosa linaloweza kukukatisha huduma. Pampu ifungwe kwenye tangi lako la chini, isifungwe kwenye mstari wa mamlaka.
- Kuacha mpira ukizama ndani ya pipa au beseni. Msukumo ukikatika, maji ya beseni yanarudi kwenye bomba. Mwisho wa mpira ubaki juu ya maji siku zote.
- Kupitisha bomba la nyumbani ndani ya mtaro. Mafundi hufanya hivyo kuokoa kuchimba. Kagua njia ya bomba lako kutoka kwenye mita hadi mlangoni. Likipita kwenye mtaro au karibu na shimo la choo, lihamishe kabla hujanunua chujio la bei mbaya.

Ukiona maji yanavuja barabarani, toa taarifa hata kama si mbele ya nyumba yako. Tundu la jirani ni lako pia siku mgao ukifika.

Simtanki lako lina umri gani bila kuoshwa?

Wengi hawalikumbuki jibu. Maji yakikaa kwenye tangi, klorini inaisha, tope linatuama, na kama kifuniko kimekaa vibaya, ndege, mende na mijusi wanaingia. Osha tangi walau mara mbili kwa mwaka: baada ya masika ni wakati mzuri, halafu baada ya vuli.

1. Funga maji yanayoingia. Tumia yaliyomo mpaka yabaki kidogo.
2. Sugua kuta na sakafu kwa brashi ya mpini mrefu. Usitumie sabuni, ni ngumu kuisuuza yote.
3. Toa maji hayo machafu yote nje. Yasipite kwenye mabomba ya nyumba.
4. Jaza maji na utie dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo nyeupe, ile ya klorini. Soma kibandiko: ikiwa ni ya asilimia 3.5, tumia lita moja na nusu kwa tangi la lita 1,000. Isiwe na manukato wala sabuni ndani yake.
5. Fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya dawa, kisha funga. Acha saa 12, usiku kucha. Watoto waonywe: maji hayo hayanywewi.
6. Mwaga yote mbali na bustani na mifugo. Jaza tena, suuza, mwaga. Sasa tumia.

Tahadhari mbili. Usichanganye dawa hiyo na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaua. Na usimwingize mtu ndani ya tangi peke yake. Ikilazimu aingie, kifuniko kiwe wazi, na mtu mzima asimame juu akizungumza naye muda wote. Tangi la chini ya ardhi ni la kuogopwa zaidi, liachie wenye kazi yao.

Kuchemsha, kutia dawa, kuanika juani

*Kuchemsha.* Maji yakifika kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja, epua. Kwenye miji ya baridi iliyo juu, kama Makete, yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata joto la kutosha. Kuchemsha nusu saa ni kuteketeza mkaa bure. Funika sufuria, yapoe humo humo.

*Dawa.* Vidonge na dawa ya maji ya chupa vinapatikana maduka ya dawa, WaterGuard ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwani vidonge vina ukubwa tofauti: kipo cha ndoo ya lita 20 na vipo vya chombo kidogo. Koroga, funika, subiri dakika 30. Anayekunywa kabla ya hapo anakunywa vijidudu pamoja na dawa yake.

Kama maji yana tope, dawa peke yake itashindwa. Yatulize kwanza. Shabu, wanayoitumia sana watu wa Kanda ya Ziwa, inashusha tope vizuri. Mbegu za mlonge zilizotwangwa pia zinashusha. Yakishatakata juu, yamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa au uchemshe. Shabu na mlonge ni vya kutakatisha tu. Maji yaliyotiwa shabu yakang'aa bado yana vijidudu.

*Jua.* Ukikosa mkaa na ukakosa dawa, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha, zisizozidi lita mbili. Zilaze juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Ni njia iliyofanyiwa utafiti na inafanya kazi. Siku ya mvua usiitegemee.

Sasa mashaka ninayoyasikia mara kwa mara:

- *"Dawa ya maji inaharibu uzazi."* Haiharibu. Klorini kwa kipimo cha maji ya kunywa imetumika kwenye miji ya dunia kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu wake wanazaa.
- *"Inanuka."* Acha chombo usiku mmoja baada ya ile nusu saa, harufu itapungua sana. Ikikukera bado, huenda umezidisha kipimo.
- *"Maji yaliyochemshwa hayana ladha."* Hewa imetoka. Yamimine kutoka chombo safi kwenda kingine mara mbili tatu.
- *"Mababu walikunywa mtoni."* Na walizika watoto wengi. Isitoshe, walikuwa wachache na vyoo havikubanana na visima kama leo.
- *"Nanunua ya chupa."* Sawa, ukiangalia alama ya ubora ya TBS, tarehe, na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Ila usinywe ya chupa ukaoshea matunda na kusukutulia maji usiyoyaamini.

Ndoo, kata na mkono

Naomba usipite sehemu hii haraka. Familia nyingi zinachemsha vizuri, halafu zinayachafua maji kabla hayajafika mdomoni. Mtoto anatoka kucheza, anachovya kikombe, vidole vinazama. Kuanzia hapo ndoo nzima ni chafu.

- Tumia ndoo yenye bomba dogo chini, au dumu la mdomo mwembamba. Mtu amimine, asichovye.
- Kama ni mtungi, kata iwe ya mpini mrefu, itundikwe, isilazwe juu ya kifuniko.
- Chombo cha maji ya kunywa kisitumike kwa kazi nyingine. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halioshwi likawa la maji. Kamwe.
- Osha chombo kila kinapoisha, usiwe unaongezea mapya juu ya masalia.
- Tumia maji uliyochemsha ndani ya siku moja au mbili. Yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda, yakiguswa yanachafuka upya. Yaliyotiwa klorini yanajilinda kidogo zaidi.

Ukiishi kwenye ukanda wa floraidi

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, nayo maji ya chini ya ardhi na chemchemi huiyeyusha na kuibeba. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia unayoyaona Usa River, Ngaramtoni na vijiji vya jirani. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia: viungo vinakakamaa, miguu ya watoto inapinda.

Meno ya ukubwani ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga hadi karibu miaka minane. Huo ndio umri wa kulinda. Yakishaota na madoa, mswaki hauyaondoi.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye 1.5, hivyo karatasi ya zamani inayosema kisima "kimepita" isikutulize. Soma namba yenyewe.

Cha kufanya:

1. Jua namba ya chanzo chako. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya mtaa wa pili si yako.
2. Tenga maji ya watoto. Huna haja ya kutibu maji ya kufulia. Tafuta lita chache za kunywa na kupikia kutoka kwenye chanzo chenye floraidi ndogo.
3. Vuna mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga. Yahifadhi ya masika na vuli kwa ajili ya watoto, na uyachemshe au kuyatia dawa, maana ndege wanakunya juu ya bati.
4. Chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nao watakuelekeza. Mkaa huo unachoka. Usipobadilishwa kwa wakati, floraidi inapita kama kawaida huku wewe ukidhani umelindwa.
5. Punguza magadi. Magadi ya kulainishia maharage na makande yana floraidi pia. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

Makosa ya kuepuka: kutegemea mkaa wa kupikia, hauondoi floraidi, kutegemea chujio la mishumaa ya kauri, hilo ni la vijidudu, na kuchemsha muda mrefu ukiamini unapunguza. Mashine za kisasa za kuchuja kwa msukumo mkubwa zinaondoa, ila zinamwaga maji mengi na vichujio vyake vinataka fedha kila mara.

Mtoto mchanga na mgonjwa wa kuhara

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yanamtosha. Bibi akisisitiza kumpa kijiko, mweleze kwa adabu, wala usitetereke.

Mtu akihara, anza kumpa ORS (unga wa kuongeza maji mwilini) mara moja, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akihara maji maji yanayofanana na ya kuoshea mchele, macho yakizama au akishindwa kunywa, usisubiri asubuhi. Mkimbize kituo cha afya huku mkimnywesha njiani.

Kupima, na kudai majibu

Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji ziko kwenye mikoa mingi. Zinapima vijidudu na madini, kwa ada. Piga simu kabla, uwaombe chupa yao. Usipeleke maji kwenye chupa ya juisi, kwani matokeo ya vijidudu yatakuwa ya chupa. Sampuli ya vijidudu ihifadhiwe kwenye baridi na ifike ndani ya saa chache. Gharama ikiwa kubwa, changieni nyumba kumi mnaotumia mstari mmoja.

Lakini kabla ya kutoa fedha zako, uliza anayekuuzia maji. Unalipa bili, una haki ya kujua. Andika barua fupi yenye maswali haya:

- Chanzo cha maji yetu ni kipi?
- Klorini inatiwa kila siku? Ikikatika umeme je?
- Klorini inayobaki kwenye bomba la mwisho wa mstari ni kiasi gani? (Isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo chake ni rahisi, maji hugeuka pinki, na fundi anaweza kukufanyia mbele yako.)
- Vijidudu vya kinyesi vilipimwa lini mara ya mwisho, na vilikutwa vingapi? (Jibu sahihi ni sifuri kwenye mililita 100.)
- Floraidi ni kiasi gani?

Barua ipeleke kulingana na anayekuhudumia. Ikiwa ni mamlaka ya maji ya mji, anzia ofisini kwao, na wasipojibu nenda EWURA, mdhibiti wa huduma za maji. Ikiwa ni chombo cha jamii kinachoendesha mradi, anzia kwa kamati yake, kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Nakala mpe bwana afya wa kata. Weka tarehe, taja mtaa wenu, ambatanisha namba ya mita, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukijibiwa kwa mdomo kwamba "maji yako salama", shukuru, kisha omba karatasi ya vipimo yenye tarehe.